Jina Moja kwenye Mlango wa Ndege

Hapo zamani, na si zamani ile ya fisi kwenda kuposa kwa sungura, ni zamani ya juzijuzi watu wakiwa tayari na simu mifukoni, palikuwa na daktari wa meno mjini Iringa aliyekuwa na ugonjwa mmoja: kupenda kurusha ndege. Jina lake Otmar Luambano, Mngoni wa Songea, mzito wa tumbo na mwepesi wa kucheka. Jumatatu mpaka Ijumaa aling'oa meno ya watu. Jumamosi alishika usukani.

Ndege yenyewe ilikuwa ya klabu. Watu kumi na wanne walichanga wakainunua, nayo ilikuwa na viti viwili, pangaboi moja puani, na mabawa yaliyokaa juu ya paa. Kila Jumamosi Otmar alipanda, akazunguka kiwanja, akashuka. Akapanda, akazunguka, akashuka. Miaka kumi na moja alizunguka. Na muda wote huo alichotaka ni safari moja tu: atoke Iringa, avuke milima, atue Songea mbele ya mama yake, Bi Radegunda.

Alipopanga mara ya kwanza, mvua ilinyesha wiki tatu. Alipopanga mara ya pili, injini ilikohoa. Alipopanga mara ya tatu, pangaboi lilipelekwa kutengenezwa, likakaa huko mpaka watu wakasahau lilikuwa na rangi gani. Na kila alipopiga simu kuomba radhi, mama yake alimcheka.

"Otmar, hiyo ni ndege gani inayozunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu? Mimi nina miaka themanini na sita. Nimewaambia majirani mwanangu anarusha ndege. Sasa wananiuliza kama anairusha kwa kamba."

Otmar alicheka naye, lakini maneno hayo yalimchoma.

Kisha likaja la kuja. Daktari wa macho alimpima, akampima tena, akavua miwani yake mwenyewe akamwambia: "Daktari mwenzangu, kwa meno macho haya yanatosha. Kwa ndege, leseni yako ikiisha hupati nyingine." Leseni ilikuwa inaisha Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ikabaki Jumamosi moja, moja tu, ya kwenda, na Jumapili ya kurudi.

Sasa, hapo kiwanjani alikuwapo mtu anaitwa Kihwele. Kazi yake kukata majani na kufukuza ng'ombe wasilale njia ya ndege. Kihwele alikuwa Mhehe, na Mhehe na Mngoni ni watani, mnajua wenyewe mambo ya watani. Baba yake Otmar alipofariki, Kihwele alipanda basi mpaka Songea, akajilaza kaburini kabla ya mwenye kaburi, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Alipopewa jogoo alitoka, akalia kuliko wafiwa.

Basi kila Jumamosi, Otmar akiwasha injini, Kihwele alisimama pembeni na kupiga kelele.

"Mngoni! Tairi limebaki huku!"

Jumamosi nyingine: "Mngoni! Bawa la kulia limeanguka!"

Jumamosi nyingine: "Mngoni! Babu zako walikuja kwa miguu kutoka kusini kote huko, wewe huwezi kwenda Songea mpaka ubebwe?"

Na Otmar alimjibu dirishani: "Na babu zako walipotuona walijificha wapi?" Wakacheka, ndege ikaondoka. Miaka kumi na moja, kila Jumamosi uongo mpya, na tairi halikubaki hata siku moja.

Ikafika Jumamosi yenyewe, asubuhi nyeupe bila wingu. Otmar alifika kiwanjani na mizani ya bafuni, akapima kila kitu, maana ndege ndogo haitaki utani na uzito. Alijipima mwenyewe, akanuna. Akampima mkewe, Mama Oliva, ambaye hakupenda ndege hata kwenye picha, lakini alisema hawezi kumwacha mume wake aende kufa peke yake. Akapiga hesabu ya mafuta, akajaza kiasi cha kufika na akiba kidogo. Akazunguka ndege akiwa na karatasi yake, akakagua kila kilichoandikwa, akapanda ngazi akafunga vifuniko vya matanki mawili juu ya mabawa, cha kulia na cha kushoto. Kisha akaenda ofisini kusaini.

Sikilizeni vizuri hapa, maana kesi yote iko hapa.

Otmar akiwa ofisini, Fundi Chitanda, fundi wa ndege, mtu wa Masasi, mpole wa maneno machache, aliingiwa na huruma. Alijisemea, mzee wa watu amengoja miaka yote hii, halafu anakwenda na mafuta ya kubana hivi? Akachukua ngazi, akaongeza lita kumi tanki la kulia, akafunga. Akaongeza lita kumi tanki la kushoto. Kabla hajafunga, akasikia sauti ya kunong'ona kwa nguvu.

"Fundi! Fundi, shuka haraka kabla Baba Oliva hajatoka!"

Alikuwa Mama Oliva, amekumbatia kiroba cha maharage kilo kumi. Hakikupita kwenye mizani, na wala hakikukusudiwa kupita. "Siwezi kwenda kwa mama mkwe mikono mitupu," alisema. Fundi akashuka, akakisukuma kiroba nyuma ya viti, akakifunika na koti. Otmar akatoka ofisini. Fundi akasimama wima kama mtu asiyejua lolote, akaondoa ngazi. Kifuniko cha kushoto kikabaki kinaning'inia kwenye kamnyororo kake.

Otmar hakupanda ngazi tena. Alishakagua, si alishakagua? Akaingia, akawasha injini.

Hapo Kihwele, aliyekuwa kwenye kichuguu mwisho wa kiwanja akifukuza ng'ombe, akaona kitu kinametameta juu ya bawa. Akaacha ng'ombe, akakimbia.

"Kifuniko! Kifuniko cha mafuta kiko wazi! Daktari! Daktari, simama!"

Otmar akamwona anakuja mbio, mikono juu, kofia imemdondoka. Akafurahi sana. "Leo ameamua kuniaga rasmi," akamwambia mkewe. Akafungua dirisha akapunga mkono: "Kachunge ng'ombe, Mhehe!" Ndege ikakimbia, ikakimbia, ikanyanyuka kwa uvivu, maana ilibeba zaidi ya hesabu, ikaenda.

Kihwele akabaki amekaa chini kwenye majani. Hakucheka.

Huko juu Otmar aliimba. Iringa ilibaki nyuma, mashamba yakawa viraka, na kwa mara ya kwanza kiwanja chake hakikuonekana popote alipogeuka. Mama Oliva alikuwa amefumba macho, rozari mkononi. Alifika tendo la tatu akakatisha sala.

"Baba Oliva, nasikia harufu ya petroli."

"Ni ndege, Mama Oliva. Ulitaka inukie pilau?"

Akasali Salamu Maria kumi nyingine. "Baba Oliva, harufu imezidi."

"Ni ya kawaida."

"Wewe pua yako imekufa kwa dawa za meno. Tushuke."

Otmar akatazama nje. Hapo chini palikuwa na kiwanja cha misheni, kweli, alikiona. Lakini akishuka, muda utakwenda, mchana mawingu yatafunga milima ya mbele, na Jumatatu ile inakuja. Alikuwa tayari kusema hapana. Alishafungua mdomo kusema hapana.

Ndipo akakumbuka kitu. Miaka kumi na moja Kihwele alimwita Mngoni. Msibani alimwita Mngoni. Alipong'olewa jino alimwita Mngoni na damu mdomoni. Leo amemwita Daktari. Mara mbili.

Otmar akainamisha pua ya ndege kuelekea misheni.

Walipotua alipanda juu ya bawa, akaona kifuniko kinaning'inia na alama ya mafuta kuanzia tangini mpaka nyuma. Upepo ulikuwa unayanyonya, na kwa kuwa matanki ya ndege ile yameunganishwa, yalikuwa yananyonywa yote mawili. Mbele ya misheni ile ni milima mitupu, hakuna hata pa kutua kunguru. Akafunga kifuniko, akashika kijiti cha kupimia, akakichovya. Alijua atakachokiona: safari imekwisha, na misheni hapakuwa na mafuta ya ndege.

Akakitazama kijiti. Akakifuta, akakichovya tena. Mafuta yalitosha kufika Songea, na akiba yake juu.

Akampigia simu Fundi Chitanda. Fundi akakiri yote kwa sauti ya mtu aliye kwenye kitubio: lita kumi kulia, lita kumi kushoto, kifuniko, kiroba. "Kiroba gani?" Otmar akauliza. Mama Oliva akatazama milima. Na nyuma ya simu ikasikika sauti ya Kihwele: "Nilimwambia! Nilimwambia kabisa!"

Walishusha kiroba wakawaachia masista, wakaruka. Saa sita na robo Otmar Luambano alitua Songea. Bi Radegunda alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na majirani tisa nyuma yake. Alitembea mpaka kwenye ndege, akaligonga bawa kwa fimbo, akasikiliza, kisha akawageukia majirani.

"Haya, kamba iko wapi?"

Halafu akamkumbatia mwanawe na kulia, naye Otmar akalia bila kujificha.

Jumapili akajaza mafuta, akarudi salama. Jumatatu leseni ikaisha.

Klabu ile ina desturi yake. Rubani anayestaafu haandiki jina lake popote. Anapewa kopo la rangi na brashi ndogo, aandike mlangoni mwa ndege jina la mtu mmoja: yule ambaye bila yeye rubani asingefika mahali pa mbali kuliko kote alikowahi kufika. Jina moja, kwa kuwa mlango ni mdogo. Na rubani atakayefuata, kabla hajavuta mlango, lazima alisome.

Otmar akasimama na brashi. Akageuka, akakuta watu watatu.

"Andika jina langu, Adelina," akasema Mama Oliva, "na uandike vizuri, usiandike kama vyeti vyako vya dawa. Pua ya nani ilinusa? Mimi niliyefumba macho niliona, wewe uliyefumbua hukuona. Bila mimi sasa hivi watu wanakunywa chai ya msiba wetu, na huyu Kihwele yuko kaburini anadai jogoo."

"Na nani alimwita fundi ashuke kwa ajili ya maharage?" akauliza Kihwele. "Andika Kihwele. Mimi nilikiona kifuniko kabla ya pua ya mtu yeyote. Nilikimbia, nikapoteza kofia, ng'ombe wakala mahindi ya mwalimu. Mkeo alisema petroli ukamjibu pilau. Kilichokushusha ni neno langu, na unajua."

"Neno lako!" akasema Mama Oliva. "Miaka kumi na moja unadanganya, siku ya ukweli ukataka uaminiwe? Usingekuwa mwongo tusingeruka kabisa."

Fundi Chitanda alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Mimi nimekosa," akasema polepole. "Kifuniko nilikiacha mimi, silali vizuri tangu siku hiyo. Lakini Daktari, kunusa kungekufikisha misheni. Kupiga kelele kungekufikisha misheni. Kutoka misheni mpaka kwa mama yako ulikwenda kwa mafuta ya nani?"



"Na mimi je?" akajaribu Otmar. "Si mimi niliyeirusha?"

"Wewe!" wakasema wote watatu kwa pamoja. "Wewe ambaye hukupanda ngazi mara ya pili?"

Otmar akachovya brashi. Akafikiri: nikiandika Adelina, nitakula vizuri, ila Kihwele atanifuata mpaka kaburini kwangu, na huko atalala kweli. Nikiandika Kihwele, ndege ya Mngoni itaruka na jina la Mhehe ubavuni, na vijana wa klabu watajifunza kwamba unaweza kupiga kelele za uongo miaka yote ilimradi siku moja useme kweli. Nikiandika Chitanda, kila rubani atasoma jina la fundi aliyeacha kifuniko wazi, halafu avute mlango aruke naye.

Rangi ikaanza kuganda kwenye ncha ya brashi. Mama Oliva akasogea hatua moja. Kihwele akasogea hatua moja. Fundi akabaki alipo, akitazama bawa la kushoto.

Haya, ninyi mnaocheka, mshikeni Otmar mkono. Mlango ni huo, nafasi ni ya jina moja. Je, nani alistahili kuandikwa?