Kidonda Si Kisima

"Kidonda si kisima, kila apitaye achote." Ndivyo alivyowajibu leo yule mjane mliyemwendea na simu zenu mkitaka kumrekodi, nanyi mmekuja kwangu mmenuna mkidhani amewatukana. Hakuwatukana. Kaeni niwaeleze maneno hayo yalikotoka, maana nilikuwapo yalipotamkwa mara ya kwanza.

Wakati wa vita vya milimani tulikimbilia kambi ya Bwirembe, kilimani juu ya ziwa. Kati yetu alikuwapo mjane aitwaye Nabintu, mama wa binti mmoja, Sifa. Waasi walipoingia kijijini kwao walimuua mumewe, naye wakamfanyia yale ambayo wenye bunduki huwafanyia wanawake.

Kambini wageni hawakwisha. Walikuja waandishi wa habari, watafiti, watu wa mashirika, na kila mmoja aliuliza habari za siku ileile. Nabintu alikubali kumsimulia mmoja wao, mwanamume mpole aliyeapa kwamba hatamtaja jina. Kweli, jina hakulitaja. Lakini redio ilitaja kijiji, ikataja kwamba marehemu alikuwa fundi wa baiskeli, na sauti iliyosikika ilikuwa ya Nabintu mwenyewe. Sifa akaambiwa na wenzake darasani jambo ambalo mama yake alikuwa bado hajapata maneno ya kumwambia. Alirudi nyumbani, akajilaza kifudifudi, akakataa chakula. Shuleni hakurudi mwaka mzima.

Tangu hapo Nabintu alifunga kinywa.

Ndipo akaja Sidonia, msomi wa chuo kikuu, mzaliwa wa ziwa hilihili, akizungumza Kiswahili chetu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema anatafiti vita kwa macho ya wanawake, kwa sababu vitabu vingi viliandikwa na wanaume juu ya wanaume. Lakini alipofika, alianzia kwa Bisengo, mwenyekiti wa kambi, na Bisengo ndiye aliyemleta mpaka jikoni kwetu, tulipokuwa tukitwanga sombe, yale majani ya muhogo.

"Nabintu," Bisengo akasema, "mgeni ametoka mbali. Mweleze yaliyokupata."

"Nina kazi, Mwenyekiti."

Sidonia akainama kidogo. "Mama, mimi ni mwanamke mwenzako. Nataka sauti yako isikike."

"Ilishasikika," Nabintu akajibu. "Binti yangu aliisikia."

Bisengo akakasirika. "Unga mnaokula hapa unaletwa na wageni kama hawa! Asiyetaka kusema, siku ya mgao asipange foleni."

Nabintu akauweka mchi chini.

"Basi sitapanga. Waliokuja na bunduki hawakuniuliza kama nataka. Na wewe leo huniulizi kama nataka. Kidonda changu si kisima, Mwenyekiti, kila apitaye achote!"

Sidonia alikuwa ameshika kinasa sauti. Akakitazama, akakirudisha mfukoni.

"Mwenyekiti," akasema, "maneno ya mtu aliyetishwa kwa njaa siyataki."

"Utarudi mikono mitupu."

"Nitarudi mikono mitupu." Kisha akamgeukia Nabintu. "Nisamehe, mama. Nilipaswa kuja kwako kwanza, tena kwa hodi."

"Nimekusikia," Nabintu akasema. "Sasa nenda."

Akaenda. Hakuna aliyemsindikiza.

Bisengo alitimiza kitisho chake. Siku ya mgao hakuliita jina la Nabintu. Nasi wanawake wa jiko lile tukatoka kwenye foleni, mmoja baada ya mwingine, tukaketi naye chini pembeni. Watoto walilia kwa njaa, na wapo waume waliotufokea, lakini hatukuinuka. Waliokuwa kwenye foleni mbali nasi walipoona, nao wakatoka. Magunia yakabaki juani. Watu wa shirika wakauliza kuna nini, tukawaambia wamuulize mwenyekiti. Alijaribu kucheka, akajaribu kufoka, mwisho akaita kwa sauti ya chini: "Nabintu." Nabintu akamwacha aite tena kwa nguvu, kambi nzima isikie, ndipo akainuka.

Baada ya masika Sidonia alirudi. Safari hii hakupita kwa Bisengo. Alibisha hodi jikoni, akakaribishwa, akapewa mchi kama mtu yeyote, akatwanga. Tulipokuwa tunakula aliuliza, "Kama mngechagua nyinyi, mngetaka kuulizwa nini?"

Nabintu akajibu, "Uliza nani analima shamba langu sasa. Uliza nani aliwaonyesha waasi njia. Uliza kwa nini kwenye mazungumzo ya amani walikaa waliotuua na hatukukaa sisi. Hayo nitayasema, na jina langu uliandike. Ila kabla kitabu hakijachapwa utakuja kutusomea, na tutakachokataa utakitoa."

Alikuja kweli, akatusomea. Tulikataa mengi, akayatoa palepale mbele yetu. Nasikia wakubwa zake chuoni walimlaumu kwamba kazi yake ina mapengo. Akawajibu kwamba mapengo hayo yana wenyewe.

Mashamba mengine yalirudi, mengine yanalimwa na wenye bunduki mpaka leo, na bado tunayadai. Lakini ile siku ya kijijini Nabintu hakumsimulia mgeni yeyote tena, hadi alipoingia kaburini. Alimsimulia Sifa peke yake, saa aliyoichagua yeye, mlango ukiwa umefungwa.

Tangu foleni ile, mtu akifika kwetu na kutoa kinasa sauti kabla ya kutoa salamu, hata wasichana wadogo humsimamia mlangoni, wakamtazama usoni bila kupepesa, wakamwambia: kidonda si kisima, kila apitaye achote.