Mgeni Haulizi Kilichomo Chunguni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na mafiga na majirani, Bi Mashavu aliishi na watoto wake watatu kwenye ufa wa jabali. Bi Mashavu alikuwa pimbi. Mnamjua pimbi, wanangu? Mdogo, mnene, hana mkia wa kujivunia, na ukimwita mara mbili atakuwa shimoni kabla hujamaliza ya pili.

Mlango wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. Jua hupita, upepo hupita, pimbi hupita. Jino kubwa halipiti.

Asubuhi moja mlango ukawa giza. Bi Mashavu akachungulia, akaona pua nyeusi, pana, yenye unyevu.

"Hodi," pua ikasema.

"Nani mwenzetu?"

"Kingugwa, fisi wa bonde la chini. Nilikuwa namfukuza swala, jirani, mguu ukateguka. Siwezi kuwinda tena. Nimekuja kukaa hapa."

"Kukaa ufanye nini?"

"Kusubiri. Mna maji humo ndani?"

Hawakuwa na maji. Kisima kilikuwa nje, nyuma ya pua ile.

"Nipe mmoja tu," Kingugwa akasema, wala hakusema kwa ukali. "Sina nongwa nanyi. Ni njaa."

Bi Mashavu akawatazama watoto wake, moyo ukimdunda ndu, ndu, ndu. Kisha akatoa kichwa nje, kidogo tu.

"Bwana Kingugwa, hawa ni manyoya matupu. Ukimla mmoja leo, kesho una njaa ileile. Mimi ni mpishi. Niache nipite, nikupikie nyama kila siku mpaka mguu wako upone."

"Wewe mla majani, nyama utaitoa wapi?"

"Hayo ni ya jikoni. Kwetu jabalini, mgeni haulizi kilichomo chunguni. Akiuliza amemtukana mpishi, na mpishi akitukanwa huvunja chungu."

Kingugwa akajikuna sikio. "Na watoto?"

"Watoto watabaki ndani."

"Siku chungu kitakapokuwa kitupu, jirani..."

"Najua," akasema Bi Mashavu. Akapita ubavuni mwa yale meno, mbio.

Akaenda kwenye kichuguu, akachuma uyoga mnene, ule wenye nyuzinyuzi. Akaukausha kwa moshi. Akaponda karanga, akakata vitunguu, akatupia pilipili. Chungu kikatokota, pwata, pwata, pwata. Kule ndani watoto wakamwimbia mama yao asitetemeke:

*Chungu hakisemi, mwiko hausemi,*
*mgeni mwenye adabu naye hasemi.*

Kingugwa akala. Akala tena.

"Nyama hii haina mfupa," akasema mwishowe.

"Ni ya mnyama mpole."

"Mimi nisipovunja kitu, jirani, sijala."

Usiku kucha Bi Mashavu aliwaza. Asubuhi akaweka kando ya sahani kipande cha mua mgumu. Kingugwa akakiuma: kacha. Maji matamu yakamchuruzika kidevuni. Akafumba macho.

"Mfupa mzuri," akasema. Hakuuliza kitu.

Siku zikaenda. Leo fenesi bichi lililokaangwa, kesho maharage mazito, keshokutwa kisamvu cha karanga. Watoto wakaruhusiwa kwenda kisimani, mmojammoja, huku mama yao akishikilia roho mkononi.

Msidhani ilikuwa rahisi. Kuna siku swala alipita upande wa pili wa bonde, na udende wa Kingugwa ukaanguka chini tii, tii, tii. Siku hiyo hakusalimia mtu.

"Nimeota uboho, jirani," akakiri asubuhi moja, kwa aibu. "Nimeamka nauma mguu wangu mwenyewe."

"Mzima au mgonjwa?"

"Mzima."

Bi Mashavu akacheka, ingawa hakupanga kucheka. Akamwongezea karanga.

"Unajua sisi fisi hulaje?" Kingugwa akasema akisubiri. "Huku tunakimbia. Ukisimama umenyang'anywa. Sikuwahi kukaa chini, chakula kikaletwa kwangu."

Bi Mashavu akampakulia. Alikuwa akiutazama ule mguu mgonjwa. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Mapatano yalikuwa mpaka mguu upone. Baada ya hapo hawakuwa wamepatana lolote.

Naye Madoa, chui, akachagua siku hiyohiyo kuja.

"Sahibu," akamwambia Kingugwa, akijinyoosha juu ya jabali, "nasikia humu mna pimbi watatu wachanga. Mimi nina kucha ndefu za kuwavuta, wewe una taya. Tugawane."

Bi Mashavu alikuwa jikoni, huko nje, mbali na mlango wa ufa. Watoto, waliokwisha kuzoea kutoka, walikuwa pembeni yake, wameshika mwiko. Hapakuwa na pa kukimbilia.

Madoa akanusa. "Na hiki chungu? Mbona kinanukia shamba?" Akaangua kicheko. "Usiniambie fisi siku hizi anakula majani kama mbuzi. Hebu nione."

Akanyoosha mkono kufunua kifuniko.

"Weka mkono chini, Bwana Madoa," Kingugwa akasema. Aliinuka, na alisimama juu ya miguu yote minne. "Kwetu jabalini, mgeni haulizi kilichomo chunguni."

"Kwenu?"

"Kwetu. Nawa, ukae, ule."

Madoa aliziangalia zile taya. Akanawa. Akala tonge moja, akala la pili, akakomba sahani mpaka ikang'aa.

"Nyama laini hii. Ya mnyama ga..."

"Umeuliza," akasema Kingugwa.

Madoa akainamisha macho. "Na pimbi je?"

"Yule ndiye mpishi, na wale ndio wakorogaji wake. Ukimla mpishi, kesho atakupakulia nani?"

Madoa akainuka. Akapewa kipande cha mua, akashuka zake bondeni, kacha, kacha, akijilamba sharubu.

Bi Mashavu akasogea. "Bwana Kingugwa, lazima nikwambie. Mle chunguni..."

"Uyoga," akasema Kingugwa. "Uyoga wa kichuguu. Na jana chumvi ilipungua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu tonge la kwanza. Pua hii hunusa mzoga ng'ambo ya milima mitatu, ulidhani haiujui uyoga?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungevunja chungu." Akautazama mguu wake. "Na huu nao ulipona zamani. Nilikuwa nachechemea ukiniangalia tu."

Bi Mashavu akatia chumvi chunguni. Mtoto wake mdogo akapita katikati ya miguu ya fisi, akamkanyaga ukucha, akampa mwiko.

"Zamu yako," akasema.

Kingugwa akakoroga. Chungu kikatokota, pwata, pwata, na safari hii hakuna aliyekifunika.

Hadithi yangu imeiva, wanangu, naipua. Tonge lenu ndilo hili: unayetaka abadili chakula, mpikie kabla hujamhubiria.