Jani la Kwanza la Mwaka

Msikunje nyuso, wajukuu zangu. Kila mwaka mpya nawatilia kinywani jani la mwarobaini na kipande cha sukari guru, na kila mwaka mwaniuliza kosa lenu nini. Kosa si lenu. Ni la mwarobaini na kijicho chake, nami Sulochana nakijua kijicho, kwani dada yangu alipewa bangili za mama nami nikitazama.

Zamani hizo hapakuwa na mti mchungu duniani. Mwarobaini alikuwa mtamu tangu mzizi hadi kilele. Alisimama ua mmoja na mwembe, kwa mjane aitwaye Godavari na mwanawe wa pekee, Madhav. Asubuhi Godavari alipoandaa sinia la Mungu, la sadaka, alichuma majani ya mwembe. Harusi ikija, majani ya mwembe ndiyo yaliyotungwa mlangoni. Madhav naye alikula maembe mpaka viwiko vikanata. Mwarobaini aliona yote, na roho ilimuuma. Hata upepo ulipomtikisa mwembe, alidhani mwenzake anaringa.

Akamlilia Mungu. “Nami pia ni mtamu. Mbona sitazamwi?”

Mungu akamjibu, “Nimo ndani yako, nimo ndani ya mwembe, nimo ndani ya mtoto yule. Basi unamwonea wivu nani?”

Lakini mwenye wivu haambiliki. Akaisukuma mizizi yake chini kwa chini, akanywa maji yote ya ua ule. Kisima kikakauka, mwembe akanyauka. Mwarobaini alifurahi, sitawaficha. Alifurahi siku tatu.

Siku ya nne Madhav akashikwa na ndui. Godavari akamlaza chini ya mwarobaini, maana kivuli kingine hakikuwapo.

“Mama, maji.”

“Yamekwisha, mwanangu,” akasema, akimpepea kwa upindo wa sari.

Mwarobaini alijua maji yalipo. Homa ya mtoto ilipopanda, aliisikia ikimchoma shinani mwake mwenyewe, na hapo ndipo neno la Mungu lilipomwingia. Akaona haya. Akasema, “Bwana, maumivu yake nipe mimi.”

“Nikikupa, utamu wako utakwisha. Maumivu hayatupwi, lazima yapate pa kukaa.”

“Na mwembe? Atabaki mtamu?”

“Atabaki.”

Mwarobaini akamtazama mwembe aliyenyauka. Kisha akayapokea.

Majani yake yakamdondokea mtoto, mamaye akampangusa nayo, homa ikashuka. Utamu ukamtoka mti hadi ncha ya mzizi. Mizizi yake ikayaachia maji, yakarudi kisimani, na mwembe akachipua.

Na tangu siku hiyo mwembe yuko mlangoni kwenye kila harusi, na mwarobaini hakaribishwi. Lakini mtu akiugua, ndiye anayetafutwa. Na asubuhi ya mwaka mpya, kabla embe halijagusa ulimi wa mtu, jani lake hutangulia kwenye sinia la Mungu. Alitaka kuwa wa kwanza, akawa. Sukari guru aliiongeza Godavari, kumrudishia mti japo kidogo katika alichotoa.

Haya, fungueni vinywa. Langu nimekwisha kulitafuna, na bangili za mama bado ziko mkononi mwa dada yangu.