Mama Kalunguyeye Juu ya Chungu cha Uji

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na zahanati yao, na mkuu wa zahanati alikuwa Twiga. Mpole, msafi, hana makuu. Ila zahanati aliijenga mwenyewe, akaipima kwa shingo yake. Dirisha la dawa, juu. Mzani wa kupimia watoto, juu, unaning'inia kwenye tawi la mkwaju. Twiga akiutazama, uko sawasawa na pua yake. Anaridhika.

Mama Kalunguyeye alikuwa na mtoto mmoja tu, Kadodo. Kadodo akashikwa na homa. Mama huyo, tapu tapu tapu, mpaka chini ya dirisha. "Hodi! Hodi jamani!" Twiga akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Haoni mtu. Akafunga dirisha, pa!

Siku ya pili vilevile. Hodi, hodi, pa! Kadodo anachemka, hataki kunyonya. Mama Kalunguyeye akalia mpaka machozi yakamkauka. Kisha akakasirika. Na kalunguyeye akikasirika, miiba husimama.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya maoni. Kila mwezi Twiga aliwaita wanyama wote, akawapikia uji wa ulezi, akawajazia vibakuli, halafu akauliza, "Haya ndugu zangu, huduma zetu mnazionaje?"

Sasa niambieni nyinyi. Umeketi uani kwa mtu, uji wake uko mdomoni mwako, utamwambia kwake kubaya? Na wewe umelelewa? Wote wakajibu, "Nzuri sana!" Twiga akaandika: nzuri. Mwaka mzima, nzuri. Hata Ngiri, ambaye mkewe alijifungulia nje kwa kushindwa kupanda kizingiti, alisema nzuri, akaomba aongezwe. Mama Kalunguyeye naye alishasema nzuri. Mara mbili.

Siku hiyo chungu kilikuwa jikoni, kimefunikwa kwa kifuniko cha mti. Mama Kalunguyeye akamlaza Kadodo kivulini. Akapanda kwenye kuni, akaruka juu ya kifuniko, akajikunja, vuu! Duara la miiba.

Fisi akanyoosha mkono afunue. "Uwiii!"

Nyani akajaribu. "Uwiii!"

"Shuka, mama," akasema Twiga, "uji utaungua."

"Nitashuka, Bwana Mganga. Leo kwanza maneno, kisha uji."

"Maneno gani?"

"Mwanangu ana homa, leo siku ya tatu. Nimebisha hodi mara mbili, hunioni. Dirisha lako liko mawinguni!"

Twiga akawageukia wengine. "Nanyi je?"

"Nzu..." Fisi akaanza. Tumbo likamnguruma, ng'woo! Akakitazama chungu. Akameza mate.

Kifuniko kilikuwa kimepata moto, na makalio ya Mama Kalunguyeye yalikuwa yanaujua. Akauma meno. "Semeni upesi, jamani, naiva!"

Hapo maneno yakamwagika.

"Kizingiti!" akafoka Ngiri. "Mke wangu kazalia vumbini!"

"Mnafunga mapema," akasema Kobe. "Mimi nilianza safari juzi."

"Mzani!" akalia Fisi. "Watoto wangu hawajawahi kupimwa hata mmoja!"

Twiga akaona aibu, shingo nzima. "Mbona mwaka mzima mlisema nzuri?"

"Ulituuliza tukiwa tunatafuna chako," akajibu Mama Kalunguyeye.

Twiga akatanua miguu, akainama, akainama, mpaka pua ikagusa majani. Ndipo akamwona Kadodo, mdogo, anatetemeka. Hakungoja uji. Akaleta dawa, akamnywesha. Kadodo akatema nusu puani mwa mganga. Akanyweshwa tena. Jioni akanyonya, na mama yake akacheka kwa sauti.

Kesho yake, ko! ko! ko! Dirisha likashushwa, mzani ukashushwa, kizingiti kikang'olewa. Zahanati ikawa haifungwi mpaka Kobe afike.

Twiga sasa anatoa dawa amepiga magoti. "Yananiuma haya magoti," akanung'unika.

"Nayo ni maoni, Bwana Mganga," akasema Mama Kalunguyeye. "Yaandike."

Akayaandika. Wakamshonea mto wa magoti.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: anayetaka kusikia ukweli asimzibe mtu mdomo kwa chakula, na anayeumwa asinyamaze kwa adabu. Huduma hunyooshwa na wanaohudumiwa wakisema.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayesinzia akalazwe.