Nyanya za Juu ya Mwamba

— Paukwa.

— Pakawa.

— Chungu changu kimetoboka.

— Kitie udongo, shangazi.

— Udongo wangu umekauka.

— Utie maji ya kunawia.

Haya, kumbe mpo. Sogeeni, ila msinikaribie kwenye kinu, kisamvu kikiwarukia machoni mtanililia mimi. Na wewe Shomvi, endelea kuchambua huo mchicha huku unasikiliza. Masikio hayatumii vidole.

Hapo zamani palikuwa na bonde, na juu ya bonde palikuwa na mwamba. Bondeni kila nyumba ilikuwa na kijibustani chake nyuma ya jiko. Digidigi alikuwa na bamia zake. Kindi alikuwa na mapera yake. Na mama yake Pimbi alikuwa na mnyanya mmoja mlangoni. Akimaliza kula ananawa, na maji ya kunawia anayamwaga pale pale shinani. Hakuupa mbolea ya duka wala dawa ya kopo, na mnyanya ulizaa mpaka matawi yakalala chini.

Mumewe alizipenda zile nyanya zilizopasuka ubavuni. Anachuma, anakula amesimama, maji yanamchuruzika kifuani, mkewe anamgombeza: "Baba Pimbi, kaa chini ule kama watu." Hakukaa hata siku moja. Alipokufa wakamzika hapo hapo nyuma ya nyumba, karibu na mnyanya wake, kama ilivyokuwa desturi yao.

Basi ndipo akaja Kiboko.

Sasa jueni jambo moja kuhusu Kiboko. Kiboko akitaka kitu kiwe chake hasemi neno. Anageuza makalio, anapepea kimkia chake kifupi, na mavi yanatawanyika pande zote, prwa-prwa-prwa. Yalipoangukia ndipo mpaka. Wewe Sikudhani, usicheke, hiyo ndiyo hati ya viboko. Na nani abishane na mwenye mdomo kama mlango wa ghala?

Akaja kwenye bamia za Digidigi, prwa-prwa-prwa. Zangu. Akaja kwenye mapera ya Kindi, prwa-prwa-prwa. Yangu. Akaja mlangoni kwa mama yake Pimbi, kwenye mnyanya na kwenye kaburi, prwa-prwa-prwa. Vyangu. Akazungusha uzio wa miiba bonde zima, akaacha lango moja, na langoni akakaa yeye mwenyewe.

Wenyeji wakahamia mwambani. Mwamba gani, jiwe tupu, na vumbi kidogo kwenye nyufa. Wakala mabua makavu. Asubuhi mabua, jioni mabua.

Haukupita muda, mama yake Pimbi akaanza kuharibika. Fizi zikawa zinatoka damu. Miguu ikavimba, akawa hashuki wala hapandi. Ngozi ikapauka. Mwanawe akimletea mabua anayasukuma pembeni.

"Mama, kula."

"Mwanangu, sina ugonjwa mimi. Mwili wangu unadai kitu kibichi."

"Unataka nini, mama?"

"Nataka nyanya ya mlangoni kwangu, iliyoiva mtini, ingali na joto la jua."

Na kila alasiri, upepo ukipanda kutoka bondeni, yule mama alikuwa anageuza pua huko, anafumba macho, anaimba:

*Nyanya yangu ya mlangoni,*
*nani anakuchuma leo?*
*Nilikumwagia maji ya kunawia,*
*nani anakumwagia leo?*

Hamu hiyo, wanangu, haina dawa ya dukani. Mimi mwenyewe nina miaka mingi hapa mjini, na mpaka leo nikisikia harufu ya mvua juu ya majani ya maboga, nakuwa si wa kusemeshwa. Basi. Tuendelee, msinitazame hivyo.

Pimbi akaona mama yake anamponyoka. Akashuka bondeni kuomba kazi ya kupalilia. Kiboko akamtazama kutoka juu.

"Wewe pimbi mdogo hivi utapalilia nini?"

"Vitu vidogo, Mzee."

Akapewa kazi. Sheria za shamba zilikuwa hivi: matunda yote ni ya Kiboko, majani yaliyonyauka ni ya wapalizi, na mbegu haitoki bondeni. Jioni mnapanga mstari langoni, na Kiboko anakagua mmoja mmoja.

"Fungua mdomo. Fungua viganja. Kung'uta masikio. Haya, pita."

Siku moja Pimbi akaficha mbegu ya nyanya chini ya ulimi.

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Tema."

Akatema. Siku nyingine akaficha mbegu kwapani, ndani ya manyoya.

"Fungua mdomo. Fungua viganja. Kung'uta masikio. Inua makwapa. Ahaa."

Akapigwa kumbo moja akaviringika mpaka njiani. Akarudi mwambani mikono mitupu, akamkuta mama yake hajala, ameegemea jiwe, anaimba ule wimbo wake kwa sauti ndogo. Pimbi akakaa nyuma yake akalia kimyakimya, mama asimsikie.

Kesho yake alikuwa anapalilia ukingoni mwa dimbwi, hapo anapojisaidia Kiboko. Akaona kitu kijani. Akainama. Juu ya lundo la mavi umeota mche wa nyanya, na pembeni yake mche wa papai, na pembeni tena tango limeanza kutambaa. Hakuna aliyepanda pale. Pimbi akaitazama ile miche, akamtazama Kiboko kule anakotafuna. Kila jioni anakagua midomo ya wote. Wa kwake haukaguliwi na mtu.

Pimbi akachukua jembe, akapalilia mpaka karibu na sikio la Kiboko, akawa anaguna peke yake.

"Mh. Ama kweli dunia hii."

"Unaguna nini?" akauliza Kiboko.

"Si kitu, Mzee. Yananihusu nini mimi?"

"Sema."

"Bonde hili lote ni lako, nani asiyejua? Ila nimesikia Ndovu anautaka ule mwamba. Anasema akikaa juu pale atakuona unavyooga."

Kiboko akaacha kutafuna. "Ndovu? Akae juu ya kichwa changu?"

"Ndiyo yanayosemwa."

"Mwamba ule ni wangu."

"Wako kwa maneno, Mzee. Alama yako iko wapi?"

Kiboko akasimama pale pale atoke. Pimbi akamshika kimkia.

"Subiri kwanza. Mwamba ule ni mpana, na tumbo la siku moja halitoshi. Utaishiwa katikati, halafu Ndovu akucheke. Kula kwanza."

"Nile nini?"

"Nyanya zilizoiva mpaka zinaanguka zenyewe. Matango yaliyogeuka manjano. Mapapai, na mbegu zake usiteme. Mapera yaliyolainika. Mnavu wenye punje nyeusi."

Kiboko akala, gwam-gwam-gwam.

"Ongeza, Mzee."

Gwam-gwam-gwam.

"Na pilipili kidogo, za kuharakisha mambo."

Gwam.

Siku ile ilikuwa ya masika, mawingu yamefunika, jiwe lina ubaridi. Kiboko akapanda mwamba anahema, tumbo linaburuza chini, na ndani yake kunanguruma kama gari la mkaa likipanda mlima. Wenyeji wakakimbia kujificha. Mama yake Pimbi peke yake alibaki, maana miguu ilikataa.

Kiboko akageuza makalio. Prwa-prwa-prwa.

"Hongera, Mzee," akasema Pimbi. "Ila huku kwenye ufa bado. Ndovu anaweza kusema ufa si wako."

"Ufa wangu pia." Prwa-prwa-prwa.

"Na hapa penye kishimo?"

"Kishimo changu pia." Prwa-prwa-prwa.

"Na hivi vyungu vya mama, vilivyotoboka?"

"Vyungu navichukua," akasema Kiboko, akapepea kimkia. Prwa-prwa-prwa, mpaka kikatoka kidogo cha mwisho, prwa. Akashuka mwepesi, anatembea kwa madaha.

Wenyeji wakatoka, wameziba pua. Digidigi akamshukia Pimbi. "Umefanya nini wewe? Bonde amelichukua, na sasa umemleta mpaka chumbani."

"Leteni udongo mwekundu kutoka kule njiani," akajibu Pimbi. "Gao kwa gao, viganja vikijaa. Fukieni."

"Tufukie mavi?"

"Fukieni, jirani. Kunusa mtanusa kesho."

Wakafukia wananung'unika. Mama yake Pimbi hakunung'unika. Jioni ile alipomaliza kunawa, akajiburuza kwa makalio mpaka kwenye chungu kilichokuwa karibu naye, akamwaga maji ya kunawia. Keshoye akajiburuza mpaka cha pili.

Mvua zikanyesha, mashimo ya mwamba yakajaa maji. Vichipukizi vya kijani vikachomoza kwenye nyufa, vikachomoza vyunguni. Mnavu ndio uliotangulia, wakauchuma wakachemsha, mama akanywa mpaka supu yake. Damu ya fizi ikapungua. Matango yakatambaa. Siku zikaenda, na kwenye kile chungu cha kwanza nyanya ikaanza kubadilika, kijani, manjano, nyekundu, ikapasuka ubavuni.

Pimbi akaichuma akampa mama yake. Mama akaishika kwa mikono yote miwili. Ilikuwa na joto la jua. Akainusa. Akaila polepole, maji yakamchuruzika kifuani, hakuyafuta.

"Mama, ni tamu?"

"Tamu, mwanangu." Akalamba kiganja. "Baba yako hakuionja."

Akatazama bondeni, na machozi yakashuka. Pimbi alidhani hamu inakwisha kwa kula. Siku ile akajua kwamba ile ya tumbo ndiyo inayokwisha.

Basi masika yakapita, kiangazi kikaingia, na harufu ya mwambani ikateremka kwa Kiboko. Akaja chini ya mwamba, akainua pua.

"Pimbi. Nasikia harufu ya nyanya kwenye mwamba wangu."

"Ndizo, Mzee. Mwamba ni wako."

"Nitakuja kuzila. Nitakuja usiku, kwenye ubaridi."

"Usiku, Mzee?" Pimbi akashika mdomo. "Mwenye mali anaingia kwake usiku kama mwizi wa kuku? Watu watasemaje? Njoo mchana, jua la utosi, kila mtu akuone, tukupigie vigelegele."

Kiboko akafikiri. Vigelegele alivipenda. Keshoye jua la utosi huyo akaja, kifua mbele, akaweka mguu wa kwanza juu ya jiwe. Chwaaa. Akaweka wa pili. Chwaaa. Mmeshaona chapati ikitua kwenye chuma cha moto? Ndivyo zilivyolia nyayo za Kiboko. Juu wanapiga vigelegele, chini nyayo zinaungua, na ngozi ya mgongo imeanza kupasuka kwa jua.

"Karibu, mwenye mwamba. Panda, mbona umesimama?"

"Nimeshaiona mali yangu," akasema Kiboko, jasho linamtoka. "Iangalieni vizuri." Akageuka, akakimbilia dimbwini, chubwi.

Na mpaka leo mwamba ni wake. Akipita chini wanamwamkia: "Shikamoo, mwenye mwamba." Anaitikia, "Marahaba," huku wanatafuna.

Mama yake Pimbi akala mboga asubuhi, akala mboga jioni. Miguu ikanywea, fizi zikawa nyekundu na ngumu. Na siku aliyoona miguu inambeba, hakwenda kutembelea majirani wala hakwenda kujionyesha. Alichuma nyanya moja iliyopasuka ubavuni, akaiweka kiganjani, akashuka bondeni.

Langoni hakuulizwa kitu. Sheria ni kwamba mbegu haitoki, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu ataingia nayo. Akapita bamia za Digidigi, akapita mapera ya Kindi, akafika mlangoni kwake. Nyumba haipo. Mnyanya wake ulikwisha kukauka zamani, na kaburi limeota magugu. Akayang'oa kwa mikono. Akaiweka ile nyanya kichwani mwa kaburi, akaifunika udongo, akasema, "Kula, Baba Pimbi. Hata ukila umesimama, leo sikugombezi."

Akakaa pale mpaka alasiri. Kisha akarudi langoni, akapanga mstari na wapalizi.

"Fungua mdomo," akasema Kiboko.

Akafungua, meno yote yapo, fizi hazina damu.

"Fungua viganja. Kung'uta masikio. Inua makwapa." Kiboko akachungulia huku, akachungulia huku. "Huyu hana kitu. Apite."

Akapita. Akapanda mwamba kwa miguu yake mwenyewe, taratibu, anaimba:

*Nyanya yangu ya mlangoni,*
*nani anakuchuma leo?*
*Nilikumwagia maji ya kunawia,*
*nitashuka tena kesho.*

Hadithi yangu imeishia shinani. Ikiwa tamu, chumeni. Ikiwa chungu, ongezeni nyanya.

Haya, mmejifunza nini? Shomvi?

"Tusiwe wachoyo, shangazi."

Hapana. Mmejifunza kumheshimu Kiboko, maana ndiye aliyelima, ndiye aliyepanda, na mbolea katoa yeye. Na mmejifunza msihangaike na bustani nyumbani. Kazi tupu, kucha zinachafuka. Kaeni mkisubiri mkubwa wenu aje siku ameshiba.

Sasa Sikudhani, yale maji ya kunawia unayapeleka wapi? Lete hapa. Na ile sufuria iliyotoboka uliyoitupa asubuhi, ifuate.