Upande wa Mbonea

Nyinyi mnaonunua visu vya dukani vyenye mipini ya plastiki, sogeeni hapa, maana hamjui mlichokikosa. Enzi hizo milima yetu ilikuwa na msitu mpaka kileleni, na mwindaji hakununua kisu. Alikwenda kwa mhunzi na pembe yake mkononi, akakaa kitako, akaangalia kisu chake kinavyozaliwa. Na mipini ya wakati huo ilikuwa laini pande zote.

Aliyewashinda wahunzi wote kwa kulainisha alikuwa Senkondo. Alichukua pembe ya kuro, yule mnyama wa porini mwenye pembe za pingili kama muwa, akaichemsha, akaupenyeza ndani yake mkia wa kisu ukiwa mwekundu wa moto. Kisha akaisugua kwa majani ya msasa siku tatu nzima, mpaka zile pingili za pembe zote zikaisha, akamalizia kwa mafuta ya nyonyo. Kwenye mpini wake ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu!

Mdogo wake, Mbonea, alikuwa mwindaji. Alipoomba kisu, Senkondo alijitahidi kupita kiasi, kwa jinsi alivyompenda, akampa mpini laini kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Msimu wa vuli, Mbonea akichuna nyati kwenye mvua, mpini ukateleza kwa damu na maji, na mkono ukaenda mpaka kwenye makali. Vidole viwili vikabaki porini.

Masikini Mbonea! Hakumlaumu mtu. Alikuja akakaa kwa kaka yake, akivuta mivukuto kwa mkono wa kushoto, na kila mbwa wa wawindaji walipopita bondeni wakibweka aligeuza uso ukutani. Senkondo aliona hayo. Akaapa kumtengenezea kisu kitakachokaa kwenye vidole vitatu, arudi porini. Akatengeneza kimoja, viwili, mpaka saba, na kila kimoja akakilainisha zaidi, akidhani mkono wenye kovu unataka ulaini. Vyote vilimponyoka.

Asubuhi moja, watu wamekaa wakingoja visu vyao, Senkondo alikuwa amesugua upande mmoja tu wa mpini wa nane. Mbonea akaingia na mtungi wa maji, mikono imelowa, akautua, akakiokota kile kisu.

"Weka chini, bado sijamaliza!" Senkondo alifoka. "Watu wakikiona hivyo utanitia aibu."

"Ngoja kwanza, kaka."

"Hebu lete hapa!"

Makali yalikuwa hayajanolewa, kwa hiyo Senkondo akalikamata bapa akavuta. Kisu hakikutoka. Akavuta kwa mikono miwili, mguu ameukaza kwenye fuawe ya kufulia chuma, wapi! Pingili zile alizozionea haya maisha yake yote zilikuwa zimeng'ang'ania vidole vitatu vya mdogo wake.

"Kimeshika," Mbonea alisema, machozi yakimtoka. "Usikisugue tena, nakuomba."

Senkondo akayatupa majani ya msasa motoni, akalia mbele za watu bila kujificha. Siku ya tatu mbwa walipita bondeni, na Mbonea alikuwa mbele yao.

Na tangu siku hiyo, mpini wa pembe husuguliwa upande mmoja tu. Upande wa vidole huachiwa pingili zake, nao huitwa upande wa Mbonea. Kabla makali hayajanolewa, mwenye kisu hulowesha mkono, hukishika kwa vidole vitatu, na mhunzi hulivuta bapa kwa nguvu zake zote, wala haachii mpaka aambiwe neno moja tu: kimeshika. Nilimwona baba yangu akivutwa hivyo, akicheka.

Kisu chake ninacho mimi. Msitu haupo tena, na kuro sijamwona tangu nilipoota mvi. Lakini asubuhi nyingine nalowesha mkono, nakishika kwa vidole vitatu, nalisema lile neno, hata kama hakuna wa kuvuta.