Jiwe Lililomuuliza Ragvaldi

Sogeeni jamani, masikio yenu nipeni!

Kaskazini, kwenye theluji, wafalme waliapishwa juu ya jiwe lenye kinywa, nalo lilimuuliza mtu anayeaminiwa ni nani aliyemchagua mfalme. Mwanamfalme Haldani, aliyemuua kaka yake, akalipanda, kisu shingoni mwa binti wa Bwana Ragvaldi, mwungwana aliyeaminiwa na wote.

"Nijibie vizuri, Ragvaldi!" Haldani akafoka.

Jiwe likauliza, "Nani kamchagua?"

Ragvaldi akamtazama binti yake.

"Nani kamchagua?"

Haldani akakandamiza kisu.

"Nani kamchagua?"

"Sema, baba!" binti akalia.

"Hakuna!" akanguruma. "Kajichagua mwenyewe, muuaji huyu!"

Jiwe likafumbua kinywa, likammeza Haldani na kisu chake. Binti akabaki mzima.

"Tawala wewe!" umati ukapiga kelele.

"Kwa sababu tu nimesema kweli?" Ragvaldi akajibu. " Shaurianeni kwanza, halafu jiwe liwaulize nyinyi."

Akamshika binti yake mkono, wakaenda zao. Mwungwana ndiye huyo!